Wali wa Jana Hauuziki: Barua ya Wazi kwa Wanaoliongoza Jiji la Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Madiwani, Wakurugenzi na Wakuu wa Wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni,

YAH: SISI TUNAOPIKA NA KUUZA CHAKULA BARABARANI

Walionizidi umri shikamooni, wengine habari za kazi.

Nina jambo moja, na nalisema mapema ili asiye na muda asome aya hii tu. Muuza chakula kilichopikwa si sawa na machinga wengine, lakini kila mpango mnaoutunga unatuweka kapu moja na muuza viatu, muuza chaja za simu na muuza mitumba. Kiatu kisiponunuliwa leo kinarudi kwenye gunia, kesho kinatoka tena na bei yake ileile. Wali ukifika saa kumi jioni uko sufuriani, hasara imeshaingia. Nitaugawa kwa watoto wa jirani, nitakula na wanangu usiku, lakini fedha ya mchele, ya mafuta, ya nazi na ya mkaa hairudi. Kwa hiyo mahali, saa, maji, taarifa ya kuhama, hata namna ya kututoza faini, vyote kwetu vina hesabu yake, na hesabu hiyo sijaiona kwenye agizo lenu lolote.

Mimi ni mama lishe. Napika karibu na kituo kimoja cha daladala ambacho sitakitaja, kwa sababu nataka kuendelea kupika hapo. Kazi nimeirithi. Mama yangu aliianza miaka ya themanini nje ya geti la kiwanda, Barabara ya Pugu ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, wakati mshahara wa baba ulikuwa haufiki tarehe kumi. Wenye umri wangu mnaijua miaka ile. Fedha ilikuwa haina thamani, foleni ya sukari ilianza kabla ya adhana, na wanawake wa mji huu wakatoka na maandazi, vitumbua na uji ili nyumba zisimame. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, watu wakakamatwa mitaani wakiitwa wazururaji, na mama akawa anapika huku macho yako barabarani. Miaka arobaini imepita na mimi bado napika hivyohivyo.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani kwetu. Jiulizeni mchana wanakula wapi. Fundi aliyepanda jukwaani Masaki akijenga ghorofa, dereva wa bodaboda, konda, mlinzi wa benki, muuguzi anayetoka zamu, mwanafunzi wa chuo, karani wa halmashauri zenu wenyewe. Sahani ya elfu kumi na tano hawaiwezi. Kurudi Chanika au Mbagala kula halafu kuja kumalizia kazi haiwezekani, hata mwendokasi ungekuwa mtupu. Wanakula kwangu kwa elfu mbili, elfu mbili na mia tano akiongeza kipande cha samaki. Mgambo nao wanakula kwangu. Wawili wako kwenye daftari la madeni mpaka leo na wanajijua.

Naomba niwaeleze saa zangu, maana naona ndizo hazieleweki. Saa tisa usiku niko macho. Maharage yamelowekwa tangu jioni, nayabandika kwanza, kisha nakanda unga wa chapati, kisha nakuna nazi. Saa kumi na moja alfajiri chai na supu lazima viwe vimefika kituoni, kwa sababu abiria wa gari la kwanza hasubiri maji yachemke. Saa tatu asubuhi biashara ya chai imekwisha, iwe imeuzika au haikuuzika. Wali na ugali viko tayari saa tano na nusu. Kisha inakuja saa sita na nusu, na kutoka hapo hadi saa nane ndiyo siku yangu yote. Ada ya shule, kodi ya chumba na mtaji wa kesho vinatoka ndani ya saa moja na nusu hiyo. Ukinisimamisha saa sita na nusu ukanihoji kuhusu karatasi mpaka saa nane, hata ukiniachia bila faini umeshanifilisi. Afisa wenu anadhani amenionea huruma.

Mlaji wa mchana naye ana nusu saa tu. Akitoka getini anatembea dakika tatu au nne; zikizidi hapo ananunua muhogo wa kukaanga na maji ya chupa, anarudi kazini. Ndiyo maana mnatukuta kituoni, nje ya hospitali, kwenye geti la kiwanda, pembeni ya jengo linalojengwa. Tunafuata njaa ilipo, na njaa ya mchana haihamishwi kwa tangazo.

Oktoba 2021 tulipoondolewa barabarani, agizo la juu kabisa lilikuwa tupangwe vizuri na pasiwe na vurugu. Wenzangu walioelekezwa kwenye maeneo ya ndani walikwenda. Muuza nguo alihangaika miezi, lakini wateja wake wa zamani alikuwa na namba zao, akawatumia picha WhatsApp, wengine wakamfuata. Mimi nani ataniagizia ugali dagaa kilomita nne? Ufike umeganda? Wenzangu walianza na sufuria kubwa, wakashuka kwenye sufuria ndogo, wakaja kupika nusu ya hiyo ndogo, mwisho wakarudi barabarani wakiwa wamekula mtaji wote. Mkasema ni wakaidi.

Mfano mnao wa kwenu. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilijengwa kwa fedha za mkopo, likakaa miaka mingi na vizimba vitupu huku wachuuzi wakipanga bidhaa chini, karibu na mlango wake. Kila mtaalamu alitoa maelezo yake. Maelezo ya mpishi ni mafupi: hakuna mwenye njaa na nusu saa mkononi anayepanda ghorofa kufuata sahani ya wali.

Kuna hesabu nyingine ambayo inanikera zaidi kwa sababu ni ya kalamu na karatasi tu. Desemba 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vya shilingi 20,000, vilikuwa vya mtu ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni nne kwa mwaka. Gawanyeni milioni nne kwa siku 300 za kazi. Inakuja shilingi 13,333 kwa siku, yaani sahani saba za wali hazijatimia. Mama lishe wa sahani saba kwa siku hayupo. Huyo atakuwa anapikia familia. Sisi mauzo yetu ni makubwa na faida ni nyembamba, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inayopita mkononi ni ya mwenye duka la mchele, ya muuza mkaa na ya muuza samaki wa Feri. Muuza viatu anaweza kuuza jozi mbili akapata faida ambayo mimi naipata kwa sahani thelathini. Tukipimwa kwa mauzo, mimi ni tajiri kuliko yeye. Vitambulisho tulipewa hivyohivyo, tukashukuru, na tukaambiwa mwenye nacho asibughudhiwe. Lakini maandishi ni maandishi, na atakayetaka kutubana siku moja atayasoma. Mnapopanga viwango vya kitambulisho cha kidijitali na vya ushuru, mpimeni mpishi kwa kinachobaki baada ya kununua chakula.

Halafu kuna suala la kujua wa kumwomba ruhusa. Ninapopikia ni hifadhi ya barabara. Ushuru anachukua mtu wa manispaa, na risiti ya mashine ananipa. Fedha ya taka inakwenda mtaani. Cheti cha kupima afya ni cha bwana afya. Siku moja wakaja wenye barabara na kopo la rangi nyekundu, wakachora X kwenye meza yangu. Meza ya mabanzi, Waheshimiwa, naibeba kichwani jioni narudi nayo nyumbani, na imechorwa X kama nyumba ya ghorofa mbili. Niliwaonyesha risiti zote nilizokuwa nazo kwenye mkoba. Wakasema hizo si zao. Nikauliza zao zinapatikana wapi, wakasema wao hawatoi risiti, wao wanaondoa tu.

Sasa nije kwenye kunyang'anywa vyombo, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Ijumaa moja mwenzangu alikuwa amepika pilau. Wa mjini hapa mnajua pilau ya Ijumaa ilivyo. Wateja wanaiulizia tangu Alhamisi. Gari la mgambo lilisimama kabla ya saa saba, watu wanatoka msikitini. Walichukua meza, mabenchi, hotpoti la chapati na jiko. Sufuria ya pilau ilikuwa bado imepaliwa, makaa yanawaka juu ya mfuniko. Kijana mmoja aliyakung'uta makaa chini, wenzake wawili wakaishika sufuria kwa vitambaa vya mwenyewe, vile anavyofungia chapati, wakaipandisha garini. Wateja walikuwa wamekaa, wengine wameshalipa, akawarudishia fedha zao mkono unatetemeka. Jioni alikwenda kukomboa. Faini elfu hamsini, ambayo aliikopa. Sufuria alirudishiwa tupu, imekwanguliwa mpaka ukoko. Orodha ya vitu vilivyochukuliwa hakupewa wakati vinachukuliwa, kwa hiyo benchi moja halikuonekana na hakuwa na karatasi ya kulidai.

Aliyechukuliwa viatu akilipa faini anarudi na viatu vyake. Aliyechukuliwa pilau analipa faini ya kukomboa nini?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ninayo kwenye simu. Ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali hiyo kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 13, ile ndogo ya sita, inasema mtu asikilizwe kwa ukamilifu kabla haki yake haijaamuliwa. Sidhani kama waliotunga ibara hizo walikuwa na sufuria ya pilau akilini, lakini sijaona mahali walipoandika kwamba sufuria haimo. Sheria ndogo za halmashauri zinatungwa na ninyi madiwani, na zinaweza kubadilishwa na ninyi.

Wengine wameshazibadilisha. India walipitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014. Inasema mchuuzi asiondolewe kabla wachuuzi wa eneo lake hawajahesabiwa na kupewa vyeti, na akihamishwa apewe taarifa ya siku 30. Kila mji uwe na kamati ya wachuuzi ambamo wachuuzi wenyewe, waliochaguliwa kwa kura, si chini ya asilimia 40, na theluthi yao wawe wanawake. Na kuna kifungu kimoja nilikisoma mara mbili kwa furaha: bidhaa za kawaida zikikamatwa zirudishwe ndani ya siku mbili za kazi tangu mwenyewe azidai, lakini bidhaa zinazoharibika zirudishwe siku hiyohiyo. Kuna mtu aliketi kwenye meza ya kutunga sheria akakumbuka kwamba chakula kinachacha. Najua India nao utekelezaji unawapiga chenga miji mingi, na wachuuzi wanaendelea kufukuzwa. Lakini anayefukuzwa kule ana kifungu cha kukishika mkononi akienda mahakamani.

Afrika Kusini hawakungoja bunge. Mchuuzi wa Durban aliyenyang'anywa bidhaa aliishtaki manispaa ya eThekwini, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakubaliana naye kwamba sheria ndogo iliyoruhusu kumnyang'anya na kutaifisha bidhaa zake ilikiuka Katiba. Sitaki tufike huko. Wakili ana bei, na mwaka mzima wa kesi sisi tutakuwa tunapikia wapi?

Mtanijibu kwa neno usafi, kama kawaida. Jibu zuri, na sina ugomvi na bwana afya. Chakula kichafu kinaua, na wapo kati yetu wanaosuuza sahani hamsini kwenye beseni moja mpaka maji yanageuka rangi ya mchuzi. Mimi mwenyewe siwezi kula kwao. Ila naomba siku moja mmoja wenu aulize maji hayo yametoka wapi na yanakwenda wapi. Dumu la lita ishirini nanunua kwa mwenye mkokoteni, shilingi mia tatu, siku za mgao wa maji mia tano. La kunawia mikono liko kwenye ndoo yenye koki, la kuoshea vyombo kwenye mabeseni matatu, la kupikia nimelifunika pembeni. Ukiosha kwa maji mengi unakula faida, ukiosha kwa machache unahatarisha wateja, na kila sahani ni uamuzi huo. Maji machafu nikiyamwaga barabarani ni kosa. Nikiyamwaga kwenye mtaro wa mvua ni kosa. Kwa hiyo nayakusanya kwenye ndoo ya rangi, kijana anayabeba hadi kwenye shimo la choo cha kulipia, naye namlipa, na mwenye choo namlipa.

Choo chenyewe ni shilingi mia tatu kila ukiingia. Mwanaume ana ukuta. Sisi tunapunguza kunywa maji tangu asubuhi, kwenye joto la jiko na la jua la Januari, na UTI tumeizoea kama vumbi. Mwenye mimba anajibana mpaka miguu inavimba. Haya hayaandikwi kwenye ripoti za ukaguzi kwa sababu bwana afya akija anakagua kucha zangu na aproni yangu, kisha anaondoka.

Agosti 2015 kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam, wauza chakula wa barabarani tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzuiwa. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa, ugonjwa ule si wa mzaha. Ninachosema ni kwamba kilipoondoka, tulirudi palepale na mabeseni yaleyale. Bomba halikuletwa, mfereji haukuchimbwa, choo hakikujengwa. Mlituzima na kutuwasha bila kugusa kilicholeta shida.

Na tukipewa tarehe na njia, tunatii. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku. Tulitangaziwa mapema, mifuko mbadala ikaingia sokoni, na kituoni kwetu siku hiyo mteja wa chapati alifungiwa kwenye karatasi, hakuna aliyehitaji kuvunjiwa meza.

Singapore, ambao mnapenda kuwataja kwenye hotuba, walikuwa na wapishi wa barabarani kila kona. Mwaka 1968 walianza kuwaandikisha wote. Kisha kuanzia 1971 hadi 1986 waliwajengea vituo vya chakula vyenye maji, mifereji na vyoo, wakaviweka kwenye mitaa ya makazi na karibu na masoko, watu walipo. Iliwachukua miaka kumi na mitano, si siku chache za tangazo la kipaza sauti. Mwaka 2020 UNESCO ikauweka utamaduni wa vituo hivyo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sisemi Dar iwe Singapore, hata foleni ya Tazara inatosha kutunyenyekeza. Nasema walianza kwa kuhesabu watu na kuleta bomba.

Kuhusu nishati safi nitasema kidogo, maana kila mtu anasema. Mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na moshi wa mkaa mimi ndiye ninayeuvuta, kwa hiyo niko upande wenu. Mitungi ya gesi mliyotugawia mbele ya kamera tunaishukuru. Ilipoisha, kuujaza mmoja mdogo ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo, wakati mkaa nanunua kwa kopo kadiri ya mauzo ya jana. Mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu zipo hapahapa Dar es Salaam. Zileteni vituoni kabla ya mtungi mwingine.

Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, haina riba na ni jambo jema. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Tatizo letu ni lilelile la saa: kikundi kinajaza fomu, kinasubiri, na anayehitaji mchele wa kesho hawezi kusubiri kikao. Katikati hapo ndipo wanapoingia kausha damu, wanaokupa laki moja leo na kukuvamia na watu wao Jumatatu ijayo.

Na niseme na wenzangu mbele yenu, kwa sababu barua ni ya wazi. Wale mabinti tunaowatoa mikoani waje kuosha vyombo wanaanza nasi saa tisa usiku na wanalala baada yetu. Wengi wanalipwa elfu tatu kwa siku na chakula, wengine wanaahidiwa kulipwa mwisho wa mwezi na mwezi hauishi. Tukidai haki halmashauri, hao nao wana haki ya kutudai sisi. Orodha ya wapishi mtakayoiandika, iwaandike na wao kwa majina yao.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Vyombo na chakula visichukuliwe kamwe. Mwenye kosa aandikiwe karatasi yenye jina la afisa, kosa na siku ya kufika ofisini, baada ya saa nane mchana. Kama kuna kitu kingine lazima kichukuliwe, kiorodheshwe palepale na nakala abaki nayo mwenyewe.

Vibali vya mahali viwe vya saa. Eneo la kupita watu linaweza kuwa la chai mpaka saa tatu, likarudi kuwa la wapita njia, likawa la chakula saa sita hadi saa nane na nusu, likafagiwa. Sisi ndio tutakaolifagia, na mkitaka tutawekeana saini. Pale ambapo hapafai kabisa, kwenye kona ya hatari au mlango wa zimamoto, semeni hapafai, tupeni siku 30 na mahali pengine ambapo mtembea kwa miguu mwenye njaa anafika.

Manispaa, wenye barabara na wenye mabasi kaeni pamoja siku moja mwafikiane nani anatoa ruhusa, ili risiti yangu iwe risiti kwa kila mwenye sare. Na mnapochora stendi au soko jipya, mchoro upite kwetu kabla haujapelekwa kwa mkandarasi. Stendi nyingi mpya nilizoziona zina fremu za maduka ya simu kwa safu, na jiko halina hata ukuta wa kulikinga upepo.

Kuhusu maji na vyoo, mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na bomba ama liko kwenye bajeti au haliko. Naomba kila halmashauri, kati ya tano zetu, itenge kifungu cha bomba moja, mfereji mmoja na choo cha bure kwa wapishi katika vituo vyake vikubwa vya daladala, kianze na vile vyenye wapishi wengi. Kifungu hicho kitajwe kwa jina lake, siyo kufichwa ndani ya "maboresho ya mazingira ya biashara", na kiasi chake kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, kwa maandishi yanayosomeka. Mtendaji wa kata yetu anapita kwangu kunywa chai karibu kila siku; nimemwambia nitamuuliza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe wa kituoni,
Dar es Salaam

Nakala: Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum